Simu yangu imeshonwa ndani ya gunia

Jumatano, Uyole. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi, vidole vimekufa ganzi.

Dada Tumaini, najua unapitaga kwenye ukurasa wangu huu kusoma. Nisamehe, nimekaa kimya mno. Naandika kwa simu ya jirani.

Tajiri wetu alishapiga marufuku simu godauni tunakofungasha mchele. Binti mmoja alijirekodi akicheza juu ya magunia ya mchele, akatupia mtandaoni, mteja wa Dar akaona miguu juu ya chakula chake. Tangu hapo simu zote tunaziacha kwenye ndoo kwa mlinzi. Simlaumu. Hata mimi mchele ule nisingeula.

Ila yangu nilikuwa naingia nayo, imefungwa ndani ya kitenge. Nilikuwa nasubiri sauti zako za WhatsApp kuhusu mwanangu. Jose amekula. Jose amelala. Jose anachemka.

Ijumaa msimamizi akatokea ghafla, nikaichomeka kwenye gunia lililokuwa wazi. Akanituma nikafagie nje. Narudi, gunia limeshashonwa na kupakiwa, lori linawashwa.

Nikashika gunia jingine. Ningesema, kazi ingeishia palepale.

Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. "Mama Jose, simu yako inaiona Dar kabla yako!"

Nikacheka nao.

Kumbe huko kwako Iringa mwanangu alikuwa anakakamaa kwa degedege, na wewe unapiga, unapiga. Ulikuwa unalipigia gunia, dada.

Nilijua Jumapili kanisani, kwa yule mama jirani yako uliyemtuma alipokuja huku. Hana simu, na namba yako sikuwa nayo kichwani. Akasema Jose amepona, ila aliita mama mpaka akachoka kuita.

Jumatatu nikamwomba msimamizi namba ya ofisi, ya dharura tu. "Mama Jose, hapa tunafungasha mchele, hatupokei simu za watoto."

Sawa. Godauni ni lao, mtoto ni wangu. Kazi siachi, ndiyo inayomlisha. Lakini mama mwenye nyumba amekubali kushinda naye, na chumba changu kiko nyuma ya ukuta wa godauni. Akilia kwa nguvu nitasikia.

Kwa hiyo naomba kadi yake ya kliniki. Karatasi alizoandikiwa hospitali, na dawa iliyobaki. Sweta lile zito, huku baridi ni kali. Kanga yangu anayolalia, usiifue.

Na Jose. Huyo usimpe kondakta wa basi. Mlete mwenyewe.