Majani ya Chini

3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako uliye mbali. Nyanya zimeanza kuzaa. Zile picha za majani mnazozitaka huko ghalani kazini kwenu nimezipiga kwa simu, na yule bwana wenu wa akili mnemba aliye ndani ya simu akajibu: "Shamba lina afya njema." Nikamwambia ahsante. Hakuitikia, ila nimemsamehe, hana mama wa kumfunza.

Simu nimemwachia yeye. Wewe nakuandikia, dereva wa lori atakuletea.

Mama yako

9 Machi

Shikamoo Mama,

Mimi sijambo. Nimecheka hadi dereva akauliza kulikoni. Lakini nimezitazama picha zako. Kila jani limefutwa vumbi! Unachagua mazuri kama unapokea wakwe. Yule si mgeni, Mama. Ni kwa picha hizo anaamua shamba lipi lipelekewe dawa na lori lije lini. Ukimwonyesha mazuri, anaamini. Jirani zako wameshaingiliwa na ukungu, nao huanzia majani ya chini. Piga hayo, yaliyo mabaya kabisa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na msimu huu ukipotea hatuna mbegu ya kuanzia tena.

Binti yako

2 Aprili

Marahaba mwanangu,

Ahsante, ahsante, na tena ahsante. Jirani alinipigia picha za huko chini kwenye aibu. Yule bwana hakuzunguka: "Ukungu." Kesho yake lori lililoleta makreti likashusha na dawa. Mistari ya bondeni imekufa, iliyobaki yote imepona. Nimevuna mpaka nikaazima makreti. Mungu akubariki wewe, na huyo bwana wako pia, ingawa bado haitikii. Huku tu wazima.

Mama yako

6 Aprili

Shikamoo Mama,

Nimeshukuru hadi machozi. Ila nina neno. Picha za chini alipiga jirani. Za kwako zote ulipiga umesimama. Wewe uliyenifundisha kupalilia kwa kuchuchumaa tangu asubuhi, ukinicheka nikinyoosha mgongo! Na kila barua unaniambia u mzima. Mama, nionyeshe na mimi majani ya chini.

Binti yako

15 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako niliiweka chini ya mto siku kadhaa, nikikukasirikia. Sasa nakujibu.

Mimi si mzima. Goti la kulia limevimba tangu tulipopanda. Kuchuchumaa siwezi, na kutoka kitandani nashika ukuta. Niliogopa utaacha kazi kwa ajili yangu. Haya, jani lenyewe ndilo hilo, sijalifuta vumbi.

Panda lori la Ijumaa, unipeleke hospitali. Nakushukuru kwa dawa ya nyanya, lakini kwa kuniuliza tena nakushukuru zaidi. Nitakungoja mlangoni, nimekaa.

Mama yako