Mbeleko Iliyoungua

Kijiji cha Kapando,
Ntchisi, Malawi.
14 Machi.

Mpendwa Dada Felesia,

Kabla ya yote nikwambie alichofanya mwanangu Yankho sasa hivi. Amemkamata kuku, akamviringisha mbeleko, akamkalisha juu ya kinu na kumbembeleza: "Usilie, tetea. Mama yako kaenda kisimani tu, anarudi." Kuku macho yamemtoka. Nimecheka, nikamnyang'anya mbeleko, nikaliona lile tundu, kicheko kikakauka. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Sisi tumeamka salama, sijui kama na wewe huko Johannesburg umeamka. Kile kifua kimeachia? Huku mvua inakuja na kukatika, ila mahindi mabichi tunakula. Shemeji yako Gervazio hajambo, yuko kwenye tumbaku.

Mbeleko ninayoisema ndiyo ile ya marehemu mama, aliyotubebea mimi na wewe. Huku nilikoolewa, kina mama tumejifyatulia matofali tukajenga nyumba ya kulelea watoto wadogo. Wenyewe twaiita nyumba ya uji, maana kila mama hutoa unga kwa zamu. Mtoto akianza huachiwa mbeleko ya mama yake, akae nayo, ainuse, mpaka azoee. Hakuna anayenyimwa.

Kasoro wangu. Mlezi alikuwa wifi Melifa, dada yake Gervazio, ambaye tangu niingie ukoo huu hajaniona mtu. Siku ya kwanza Yankho alilia, kama waliavyo wote. Melifa akamvua mbeleko mbele ya wenzake, akaitumia kuepulia sufuria ya uji, ikashika moto na kutoboka. Kisha akawaimbisha watoto: "Mnyonyaji, mnyonyaji, mama kakutupa." Nilipokwenda kumchukua nilimkuta amejikojolea, uso ameugeuzia ukutani. Nikauliza kulikoni. Wifi akanijibu huku analamba mwiko, "Mwanao umemlea kama yai. Mimi hapa nalea wanaume."

Nilimbeba mwanangu nikaondoka, Dada. Lakini tangu siku hiyo Yankho akiona kibakuli chake anaingia uvunguni. Mtoto mcheshi vile, akawa hasemi. Nikajiapia moyoni: Melifa, utalia wewe.

Kisimani sikumsengenya. Nilijitanda tu mbeleko, tundu likakaa wazi mgongoni. Mwenye macho aliuliza, nikamweleza. Mwezi uliopita tukachagua mlezi upya, mimi na Melifa tukasimamishwa. Unajua tunavyochagua: mnapiga magoti, mnafumba macho, na anayekutaka anakuja kusimama nyuma yako. Nikasikia miguu inakuja, inakuja. Tulipoambiwa tufumbue, nyuma ya Melifa kulikuwa na mtu mmoja tu, kitinda mimba wake Takondwa, kashika sketi ya mama yake. Mwanamke mmoja akasema, "Hata huyo kaja kwa sababu ana njaa." Watu wakacheka hadi wakakaa chini.

Utadhani nilishiba. Wapi. Takondwa ndiyo kwanza anaanza mwaka huu, na mlezi sasa ni mimi.

Alipoletwa alilia mpaka akatapika. Melifa amesimama mlangoni mikono mitupu, mbeleko yake ameona haya kuileta. Alikuwa anangoja nimwimbie mwanawe. Jirani yangu akaninong'oneza, "Haya, wimbo si unaujua?" Nikamchukua mtoto, nikamfunga mgongoni kwa mbeleko ya mama yetu, na tundu lake, nikakoroga uji naye mgongoni. Nikamwambia Melifa, "Nenda zako shamba, wifi. Hapa tunalea watoto."

Usinisifu. Ule haukuwa wema. Nataka mwanawe anizoee mimi. Kila siku namshikisha mwiko akoroge nami, namkwangulia ukoko, mbeleko namfunga yeye. Yankho naye amerudi nyumba ya uji, na ndiye anayewabembeleza wageni kama alivyombembeleza kuku. Juzi Melifa alipokuja kumchukua mwanawe, Takondwa alining'ang'ania shingoni, akalia, "Simtaki huyu." Wifi akageuzia uso ukutani, vilevile kama mwanangu. Usiku ule nililala usingizi wa pono.

Gervazio ananiambia, "Mke wangu, basi, inatosha." Haitoshi. Siku Melifa atakaposimama mbele ya sufuria ile na kumwomba radhi Yankho kwa kinywa chake, wote wasikie, ndiyo siku nitakayomfundisha Takondwa kukimbilia kwa mama yake. Kabla ya hapo, namfunga mbeleko.

Nisalimie Mjomba Wiskesi na shangazi Enelesi, waambie mahindi yao ya kuchoma nakula kwa niaba yao. Mungu akukinge na baridi ya huko, akurudishe ukiwa na nyama mwilini. Mbeleko nitakutunzia, na tundu lake sitaliziba.

Nilitaka nitie jina langu hapa, lakini kuna mtoto anaita nje, "Mama, mama, fungua." Si Yankho, maana Yankho yupo hapa miguuni na kuku wake. Na nyuma ya mtoto kuna mtu mzima anakohoa kama hajui aanzie wapi. "Hodi, wifi. Nina neno na Yankho." Dada, kama neno lenyewe ndilo lile, basi mimi namfungulia.