Bibi Alivyovunja Harusi ya Jukwaani

Masieda, Jumamosi usiku

Wiki mbili nimekariri hotuba ya kukataa kuolewa, na leo hakuna aliyeisikia!

Igizo la vijana wa kanisa lilianza vizuri. Mimi ndiye binti anayelazimishwa kuolewa, Paulo ndiye bwana harusi, amefunga tai ya kuazima. Nimeshavuta pumzi niseme "Sitaki", bibi yangu akasimama katikati ya watu na fimbo yake.

"Acheni! Hawa ni wa ukoo mmoja. Mnataka mvua itukimbie?"

"Shikamoo bibi," Paulo akasema. "Hili ni igizo tu."

"Marahaba. Kaa chini."

Wazee wakamuunga mkono. Wakajadili mpaka jua likazama, wakaamua harusi imevunjika. Paulo akavua tai. Watu wakapiga makofi.

Baba alikaa mbele kabisa. Yeye ndiye niliyetaka aisikie hotuba.

Maana kesho wageni wake wanakuja kutoka Basotu, na kijana wao. Tuliporudi nyumbani nikamuuliza bibi, huyo naye ni wa ukoo gani?

"Huyo hana shida, mjukuu wangu. Nilishaulizia."

Basi. Hotuba bado ninayo kichwani, yote. Kesho nitaisema nikiwa nimeshika birika la chai.