Uliposhuka Laela

Wifi Avelina,

Ulezi kaka yako ameshavuna, na mbuzi wako kazaa mapacha. Mimi niko wodini Mbeya na Loth.

Nilikuwa na kichanga, sikuweza kusafiri, nikakukabidhi Loth wangu stendi umlete huku uvimbe wa pajani upimwe. Ukashuka naye njiani, Laela, kwa mganga, akaupasua kwa wembe kama jipu. Ukarudi ukasema, "Wifi, madaktari wanasema si kitu." Nikakuchinjia kuku!

Ni saratani ya misuli. Sasa imefika mapafuni.

Loth ndiye aliyemwambia nesi kwamba kwa yule daktari wa wembe hakulia, kwa sababu shangazi alimshika mkono. Kila wakimchoma sindano ya dripu, anakuita wewe.

Ni mimi mama yake,
Zita