Siku Ishirini na Tatu za Tumbo Jipya

Dunda,
Bagamoyo.
18 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Adila,

Assalaam alaykum. Na marahaba, maana najua ungekuwa hapa ungeshaniamkia kabla sijafungua mdomo. U hali gani huko Tabora? Shemeji Mohamedi hajambo? Wanangu hawajambo? Na hicho kidonda cha mguuni kinaendeleaje? Hilo la kidonda nakuuliza kwa sauti ya chini, lakini jibu nalitaka.

Sisi hapa hatujambo, alhamdulillahi. Mimi mwenyewe ni mzima, tena mzima wa kujisifu. Leo ni siku ya ishirini na tatu tangu nipasuliwe, na asubuhi nimekaa kwenye cherehani saa mbili nzima nikamaliza mashati matatu ya shule. Wateja walioniambia sitarudi kazini kabla ya mwaka mpya sasa wanapanga foleni.

Ujumbe wako wa Jumapili niliusoma mara nne. Unasema umeogopa, na watu wa huko wanakwambia upasuaji huu ni wa urembo tu, na unaniomba niwapigie simu wa hospitali wafute tarehe yako ya mwezi ujao. Sikukujibu kwa simu kwa sababu ujumbe wa sauti utausikiliza sebuleni, na mawifi zako watakuwa wameupitisha mtaa mzima kabla ya magharibi. Barua utajifungia nayo chumbani. Anakuletea Msabaha, yule mtoto wa jirani yangu anayeendesha lori. Kesho anapakia Chalinze, na Jumamosi atakuwa kwako akijaliwa. Basi nisome mpaka mwisho, ndipo nitakujibu ombi lako.

Tuanze na kisu, maana ndicho unachokiogopa. Hakuna kupasuliwa kutoka kifuani mpaka kitovuni kama unavyowaza. Mimi nilitobolewa matundu matano madogo, wakapitisha vyombo vyao na kamera, wakaondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula na kuufunga uliobaki, ukawa mwembamba kama ndizi. Wagonjwa wenzangu walielezwa mara mbili, mimi fundi cherehani nilielewa mara moja: wamenibana upande, basi. Nimeikagua mishono yangu kwa kioo na sikuona kosa. Unanijua, kazi ya fundi mwingine huwa siisifu.

Nilipozinduka, kilichoniuma zaidi hakikuwa tumbo, lilikuwa bega la kushoto. Nilidhani wameniangusha. Nesi alicheka, akanieleza kuwa ni hewa waliyonijaza tumboni wapate nafasi ya kufanya kazi, na kwamba dawa yake ni kutembea. Jioni ileile wakanisimamisha. Mama mzima wa kilo mia moja thelathini na nane, gauni la hospitali wazi mgongoni, nimeshikilia stendi ya dripu, nikaenda hatua kumi na moja mpaka mlangoni. Kesho yake nilifika mwisho wa korido na kurudi, mara tatu. Wengine walipokuwa wanabembelezwa washuke kitandani, mimi nilikuwa naambiwa nikapumzike.

Kiu itakutesa, sikufichi. Maji utapewa kwa kikombe kidogo cha dawa: unalowesha ulimi, unameza kidogo, unangoja. Siku ya pili niliiba funda moja kubwa nesi alipogeuka. Kifua kilinibana mpaka machozi yakanitoka, na tangu hapo nimekuwa mwaminifu. Watakuchoma na sindano za kuzuia damu isigande miguuni. Zinauma kama siafu, na zinapita.

Siku tatu za hospitali zilipokwisha, mume wangu Abdulswamad akanirudisha nyumbani, na siku ya nne ndiyo iliyonivunja. Nimelala, nikasikia harufu ya vitunguu vinakaangwa jikoni kwa Bi Ashatu, jirani yetu, nikalia kama niliyefiwa. Nilijuta, Adila. Nilisema nimeharibu tumbo langu kwa mikono yangu na sitakula tena kama watu. Nakwambia ili ikikufika siku hiyo usidhani umekosea. Inakuja, unalia, kesho yake inapungua. Shemeji yako wala hakunihubiria. Alichofanya ni kuhamisha sahani yake barazani, akala huko wiki mbili nisimwone, na mimi nikajifanya sijui.

Sasa habari ya mama. Unakumbuka alivyokuwa hataki hata kusikia. Kwake kupunguzwa tumbo ni kuikataa riziki ya Mungu. Lakini siku ya tano alitokea kutoka Mlingotini na kikapu chake, bila taarifa. Alipokifungua sikuamini macho yangu. Samli, pilipili manga, tui tayari limekamuliwa, na mkaja wake uleule aliotufungia tumbo sisi wawili tulipojifungua. Mama yetu anajua aina moja tu ya mwanamke aliyekatwa tumbo, naye ni mzazi. Kabla sijakaa sawa maji ya kunikanda yalikuwa jikoni yanachemka.

Nikamwambia, "Mama, mimi sijazaa."

"Tumbo ni tumbo," akanijibu.

Mkaja niliukwepa kwa kumwonyesha mishono. Uji sikuukwepa. Alikuwa amesikia kwamba naruhusiwa vitu vya majimaji tu, basi akapika uji wa mchele kwa tui, akautia samli, pilipili manga na sukari ya kutosha harusi, akauinamisha upawa nione. "Haya, si unamiminika? Mgonjwa haulizwi uji." Nani katika nyumba yetu amewahi kumkatalia mama chakula? Nikala vijiko vinne.

Haikupita robo saa, jasho jembamba likanitoka, moyo ukaenda mbio, tumbo likasokota, na uji wote ukarudi. Abdulswamad akapiga ile namba tuliyopewa. Nesi akauliza kama nina homa, kama maumivu yanazidi, kama maji yanashuka. Akatuambia nipumzike, tumpigie tena baada ya saa moja, na hali ikizidi tusingoje saa hiyo. Ikatulia. Mama alikaa miguuni pa kitanda muda wote ule, amenywea.

Jioni akaja na bakuli jingine. Uji ulikuwa mwepesi zaidi, lakini sukari niliisikia harufu yake kabla haujafika. Nami nikasema, "Hapana, mama. Samahani, huu siwezi."

Miaka arobaini na mitatu sijawahi kumtamkia mama neno hilo mbele ya chakula. Nimeshiba nikala, nimeumwa nikala, baba amekufa nikala. Mama aliliangalia lile bakuli, akalichukua, akatoka. Nilijua nimemvunja moyo na kwamba asubuhi atarudi kwake. Lakini nakwambia ukweli, neno hilo moja najivunia kuliko kilo zote nilizopungua.

Asubuhi nikamkuta barazani na Abdulswamad. Alikuwa anasomewa karatasi ya maelekezo ya hospitali, maana macho yake hayaoni tena maandishi madogo. Ilisomwa mara ya kwanza, akaamuru irudiwe. Kuanzia hapo, mdogo wangu, nilipata nesi ambaye hata hospitali hawana. Supu ya samaki changu aliichemsha bila mafuta, akaichuja kwa kitambaa mara tatu, akaninywesha kijiko kimoja na kunishikia saa mpaka cha pili. Nikitaka kuharakisha ananipiga jicho.

Na wageni je? Unawajua watu wetu, kumtazama mgonjwa mikono mitupu ni aibu. Walikuja na pweza, na vitumbua, na mabakuli ya wali yamefunikwa kwa kawa. Mama aliyapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akauliza hali za watoto, kisha akayapitisha moja kwa moja jikoni. Aliyesisitiza nionje kidogo tu alipewa somo zima la mfuko wa chakula, kama vile mama ndiye aliyenipasua. Mgeni njoo, mwenyeji apone: aliyepona hapa ni shemeji yako, suruali alizonipa nimpunguzie mwezi wa sita sasa anataka nizipanue.

Mengine uyajue mapema. Wiki mbili za kwanza ni majimaji tu, kisha vinavyopondwa. Sasa hivi nakula samaki aliyesagwa, yai laini, mtindi usio na sukari, vijiko vitatu au vinne na nimeshiba kabisa. Ukila hunywi, unangoja nusu saa. Choo kitakuwa kigumu, na utachoka kwa kazi ndogo kama kukunja shuka. Dawa za sukari walinipunguzia wao wenyewe baada ya kunipima. Zako usiziguse mpaka wakwambie. Na ukiona homa, au moyo unakwenda mbio hautulii, au maumivu yanazidi, au mguu unavimba, au hata maji hayashuki, hapo hakuna kumsubiri shangazi yetu wala mizizi yake ya kienyeji. Ni hospitali, saa ileile.

Urembo? Waambie wanaosema urembo waje waone. Nimepungua kilo kumi na moja na uso umekuwa kama mfuko uliomwagwa mchele. Lakini juzi nimetembea kwa miguu mpaka makaburini kwa baba, mimi na mama, bila kukaa njiani. Mara ya mwisho nilipelekwa kwa bajaji na nikamwombea kutoka kwenye kiti. Safari hii nilisimama kichwani pake, nikasoma Yasini mpaka mwisho, magoti yangu yamenibeba. Nilitamani ungeniona.

Nisalimie shemeji Mohamedi sana, mwambie namshukuru kwa kukuvumilia. Mbusu Mikdad na dada yake. Bi Ashatu anakusalimia, anasema vitunguu vyake sasa anavikaangia uani. Abdulswamad anasema chumba cha nyuma kimepigwa chokaa na wavu wa dirisha ni mpya.

Sasa ombi lako, na kosa langu kabla yake. Ulinikataza nisimwambie mama habari ya kidonda. Nimemwambia. Tulikuwa tumekaa palepale makaburini na sikuweza kunyamaza, maana baba naye, kwa sukari hii yetu, alianza na kijidonda cha kidole alichokiita si kitu. Wewe ulikuwa umeshaolewa mbali. Hukuona mama alivyomfungua zile bendeji kila alfajiri kwa miezi minane, mpaka mguu ukakatwa, mpaka tukamzika. Mama aliniuliza neno moja tu, "Mguu upi?" Nikamwambia wa kushoto, kama wa baba. Akashika njia ya nyumbani, nami nyuma yake.

Alipovua baibui akanyoosha mkono nimpe simu, na namba ya hospitali. Nikamtahadharisha kwamba wewe mwenyewe umetaka tarehe ifutwe. Akapiga. Nesi akamuuliza yeye ni nani, na nilimsikia mama yetu, yuleyule wa kuikataa riziki, akijibu kwa sauti ya kuwafikia watu wote msibani: "Mimi ni mama yake Adila, na mama wa huyu Mwaija mliyemshona mwezi uliopita, anatembea kuliko mimi. Adila anakuja. Msimpe mtu nafasi yake."

Basi mdogo wangu, mwili ni wako na uamuzi ni wako, sikulazimishi. Ila mimi simu hiyo ya kufuta siipigi. Ukitaka kuahirisha, mpigie mama.

Mola akuondolee hofu, akufunge kidonda, na akulete kwetu kwa miguu yako miwili.

Wako akupendaye sana,
dada yako,
Mwaija