Samaki wa Mwisho wa Mwadime

Hotelini, Bofa,
Kilifi.
Agosti, 1984

Kwa mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Wundanyi? Mimi ni mzima. Nguo za wageni bado nazifua, na joto la huku bado linanifua mimi.

Mama, nikueleze habari ya samaki wa kaka. Unajua Mwadime ndiye aliyekuwa akizamia samaki wa rangi wa hapa hotelini, wale wanaowekwa kwenye tangi la kioo pale mapokezi. Bahari ilipomchukua isimrudishe, samaki wake walibaki wakiogelea kama hawajaambiwa.

Sasa meneja kanunua tangi jipya, kubwa kama kitanda. Kadzo, mfagizi wetu kutoka Kaloleni, ambaye hata kuni huzifuta vumbi kabla ya kuziwasha, aliyachukua mawe ya tangi la zamani akayasugua kwa sabuni ya unga mpaka yakawa meupe kama meno ya bandia. Samaki wakahamishiwa humo. Maji yaling'aa, meneja akapiga picha. Kesho yake wakaanza kufa.

Walipanda juu wakihema, midomo wazi, kisha wakalala ubavu. Watu wakanong'ona kwamba Mwadime anawaita wake. Sikubishana nao, hata mimi nilikuwa nikipita pale nimeinamisha macho. Akabaki mmoja tu, wa buluu mwenye mkia wa njano. Meneja akasema huyo naye akifa ataweka wa plastiki, maana hao hawana maneno.

Nikamwita Bwana Athmani wa Mambrui, aliyekuwa akizamia na kaka. Akachovya kidole majini, akanusa.

"Maji haya bado machanga, dada. Samaki akinya humu hana wa kumfagilia, anakunywa sumu yake mwenyewe. Wafagiaji, vijidudu visivyoonekana, hukaa kwenye ule utelezi wa mawe, nanyi mmewaosha."

Akaniagiza nimpe samaki chakula kidogo mno, na kila asubuhi nibadilishe maji kiasi kwa maji ya bahari. Lakini yalitakiwa pia mawe yenye utelezi. Yakitoka baharini leo, akasema, uhai ulio juu yake utaoza kwanza. Tunataka yaliyokwisha kuzoea. Sote tulijua yalipo.

Nyuma ya stoo kuna hodhi la kaka la saruji, alimokuwa akiwapumzisha samaki kabla ya kuwaingiza ndani. Mawe yalikuwa humo, yamefanya ukijani, na kipampu chake cha hewa kinakoroma tangu siku ile, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kukizima. Kwetu vitu vya marehemu havishikwi mpaka wazee wavigawe, na Kadzo anasema kwao ni vivyo hivyo. Wazee wetu nao wanangoja mwili, na mwili hauji.

Nikainama pale. Nikasema, "Kaka, siyachukui. Nayahamisha tu, ni ya samaki wako."

Kadzo akabeba jiwe lake amefumba macho, akajigonga mlangoni, akaliomba jiwe radhi.

Kwanza hakukuwa na nafuu. Yule samaki alilala chini, akihema, nami nikifua nikimsikiliza, kana kwamba samaki husikika. Halafu asubuhi moja akatoka kwenye tundu la jiwe, akauma kipande cha kamba wa baharini nilichomkatia.

Yuko hai, mama. Nikipita huja kwenye kioo, akanifuata mpaka tangi linapoishia. Sijui ananijua, au ananifananisha.

Nisalimie mjomba Mwakio, mkubwa wa wazee wetu. Mwambie mawe nimeyashika, maneno yake aniwekee nikija. Nisalimie na wifi Wawuda, mke wa kaka. Mwambie nguo za mumewe sijazigusa.

Najua umeapa hutaitazama bahari. Njoo tu, mama. Kutoka barabarani hadi mlango wa jikoni haionekani, na tangi liko upande wa ukutani. Nitakuwekea kiti. Samaki huyu ndiye aliyeshikwa na mikono ya kaka mara ya mwisho.

Ni mimi mwanao,
Wakesho