Ng'ombe wa dada yako amevuka mpaka bila polisi

Shemeji uko wapi, shika simu. Ng'ombe aliyeniachia marehemu dada yako yuko zizini. Naandika huku nacheka peke yangu kama mwehu.

Unajua tangu aibwe wakubwa wananiimbia wimbo mmoja: yuko nchi ya pili, polisi wetu hawavuki, kuna mkataba, mpaka wenzao wamkabidhi.

Leo mkuu wa kituo kanipeleka kwenye kizuizi cha mpakani. Tukamwona ng'ombe kwa macho yetu, kafungwa ng'ambo, mwizi anatupungia mkono. Nikamuuliza mkuu, "Unamwona?" Akasema, "Namwona, ila kisheria bado."

Kisheria bado, shemeji.

Nikamwita vile dada yako alivyokuwa akimwita akienda kumkamua. Aling'oa kigingi, akapita pembeni ya kizuizi, akaja kunilamba shati.

Sasa sikia. Mkuu kakunja uso: "Mzee, mrudishe ng'ambo, ili tukabidhiwe kwa utaratibu."

"Nimrudishe kwa mwizi?"

"Ni mkataba, mzee."

Nikashika kamba, nikamwambia mtanizika nayo.

Ndipo afisa wa upande wa pili akafika, mwizi yuko naye kwenye pingu. Mkuu wetu akamweleza. Yule bwana akamtazama ng'ombe, akasema taratibu, "Afande, huyu hana kibali cha kuingia kwetu. Nikimpokea, mimi ndiye nitakuwa nimevunja mkataba."

Mkuu kanywea kama kamwagiwa maji. Nilicheka mpaka nikakaa chini, shemeji, mimi ambaye sijacheka tangu tuzike.

Njoo na chupa. Naenda kukamua.